Ugonjwa wa Kupumzika

Petroli ni kitu kisichopenda kukaa. Mwaga tone moja sakafuni, nalo litakuwa limetoweka kabla hujapata kitambaa cha kulifutia. Tabia hiyo ya kuruka hewani ndiyo iliyowezesha injini ya petroli kuwapo, na ndiyo hiyo hiyo inayoiua pikipiki iliyoachwa stoo miaka mitatu. Sehemu nyepesi za mafuta huruka na kwenda zake. Nzito hubaki chini, hukutana na oksijeni, na polepole hugeuka ulimbo wa rangi ya chai, kisha utando mgumu kama vanishi ya fundi seremala. Ndani ya pikipiki, mahali ulimbo huo unapopenda zaidi kujikusanya ni kwenye kabureta.

Historia ya kabureta husimuliwa zaidi kama historia ya uvumbuzi: nani alitangulia, nani aliboresha. Lakini kifaa hiki kina historia nyingine, ya kuziba na kuzibuliwa. Tukiifuata hiyo, maswali hubadilika. Tunauliza ni nani aliyeruhusiwa kukifungua, alikuwa na zana gani mkononi, na kilichomsukuma kilikuwa mapenzi au njaa.

Tuanze Agosti 1888, Mannheim, Ujerumani. Bertha Benz alilitoa gari la mumewe Karl bila kumwarifu, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, wakaelekea Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Vituo vya mafuta havikuwapo. Walipofika Wiesloch aliingia duka la dawa akanunua ligroini, kiowevu ambacho watu walikitumia kuondolea madoa nguoni. Njiani mrija wa mafuta uliziba, na Bertha akauzibua kwa pini ya kofia yake. Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya ujasiri wake, na ni haki kipendwe. Lakini kinatuambia pia kwamba kuziba kulikuja pamoja na gari lenyewe, na kwamba katika safari ya kwanza ndefu inayokumbukwa, aliyezibua alikuwa msafiri mwenyewe, kando ya barabara, kwa kitu alichokuwa nacho kichwani.

Kabureta ya gari lile ilikuwa chombo tu ambamo hewa ilipita juu ya mafuta na kuchukua mvuke. Ilifanya kazi, ila kwa kuchagua: ilichukua sehemu nyepesi kwanza na kuacha nzito, hivyo mafuta yaliyosalia yalizidi kuwa mabaya kadiri safari ilivyoendelea. Mwaka 1893 walitokea watu waliolishughulikia jambo hilo kwa njia nyingine. Wilhelm Maybach kule Ujerumani, na Donát Bánki na János Csonka kule Hungaria, waliacha kungoja petroli iruke yenyewe, wakainyunyiza.

Kanuni waliyoitumia ilikuwa na umri wa karibu karne nzima. Mwaka 1797 Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alichapisha uchunguzi wake juu ya vimiminika vinavyopita kwenye mirija inayobanwa katikati. Kitu kinachotiririka, maji au hewa, kikifika kwenye koo jembamba huongeza mwendo, na shinikizo lake hushuka. Weka tundu dogo la petroli kwenye koo hilo, na hewa inayokimbilia injini itaifyonza petroli na kuipasua iwe ukungu, kama kipulizia marashi. Chini yake kuna bakuli lenye boya. Mafuta yakipungua boya hushuka na kufungua mlango, yakijaa hupanda na kuufunga. Hakuna umeme wala kompyuta. Kuna koo, boya na matundu.

Matundu hayo ndiyo siri yote. Petroli huungua vizuri pale gramu 1 inapokutana na takriban gramu 14.7 za hewa, na kipimo hicho hulindwa na jeti, vipande vidogo vya shaba ya njano vilivyotobolewa kwa usahihi mkubwa. Jeti inayolisha injini inaponguruma bila chombo kwenda inaweza kuwa na tundu lisilofika nusu milimita. Ulimbo mwembamba usioonekana kwa macho unatosha kulipunguza, na unene wa nywele chache unatosha kulifunga. Kifaa kilichotegemea usahihi wa aina hiyo kiliwekwa kuhifadhi kiowevu ambacho, kikitulia, hugeuka gundi. Tangu mwanzo mkataba ulikuwa mmoja: kabureta itakuwa nzima mradi mafuta yanapita.

Uingereza ndiyo iliyoifanya kabureta ya pikipiki kuwa biashara kubwa. Mwaka 1927 kampuni tatu, Amac, Brown & Barlow na Binks, ziliungana Birmingham zikazaa Amal, na kwa miongo kadhaa jina hilo lilikuwa kwenye Triumph, BSA na Norton. Mwendesha pikipiki wa enzi hizo alikuwa nusu fundi, apende asipende. Pikipiki nyingi zilikuwa na vikono kwenye usukani vya kurekebisha hewa na muda wa cheche, naye alivigusa safarini kama mpishi anavyogusa moto wa jiko. Kufungua bakuli na kupuliza jeti ilikuwa sehemu ya kumiliki pikipiki.

Lakini hata Amal ilikuwa na namna yake ya kukwama. Kwenye modeli ya Concentric iliyotoka 1967, mwili wa kabureta na kitelezi chake, yaani kile kipande cha mviringo kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta, vyote vilitengenezwa kwa aloi ya zinki. Chuma kinaposuguana na ndugu yake wa tumbo moja hukwaruzana na kushikana, na mwenye kukaza nati za kuifunga kupita kiasi aliupinda mwili kidogo tu, ukatosha kukikaba kitelezi.

Wajapani walijifunza kwa Waingereza. Mikuni ilitengeneza kabureta kwa leseni ya Amal, na Keihin, iliyoanzishwa 1956, ikawa mshirika wa karibu wa Honda. Oktoba 1968, kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo, Honda ilionyesha pikipiki iliyobadilisha biashara nzima: CB750, silinda nne zilizopangwa sambamba, kila moja na kabureta yake. Ilipoanza kuuzwa 1969, waya mmoja kutoka mkononi uligawanyika kuwa nyaya nne, moja kwa kila kabureta. Kuzifanya zifunguke kwa pamoja ilikuwa kazi ya kuchosha. Mwaka 1970 Honda ikabadili: kabureta nne zikafungwa kwenye ubao mmoja wa chuma, zikaunganishwa kwa vikono na springi, na petroli ikapita kutoka moja hadi nyingine kwa mirija mifupi yenye oringi za mpira.

Kuanzia hapo kabureta nne zikawa kiungo kimoja. Kawasaki ilifuata 1972 kwa Z1, na wengine wakafuata. Kwa injini iliyokuwa ikifanya kazi ulikuwa mpango mzuri. Aliyeuchora alifikiria mwendo, kasi na mlio laini. Hakufikiria miaka 20 ya kulala.

Na kulala ndiko kulikokuja. Huko Marekani na Ulaya pikipiki hizi zilikuwa chombo cha starehe. Zilitoka majira ya joto, zikaingia gereji majira ya baridi. Mwaka mmoja mwenyewe akapata mtoto, au akahama, au akaumia mgongo, na majira ya joto yakapita bila mtu kufungua mlango. Petroli iliyokuwa kwenye mabakuli manne ikaruka, ikaacha ulimbo. Ulimbo ukashika boya, ukaziba jeti, ukavigandisha vitelezi. Mipira ya kuunganishia kabureta na injini ikakauka ikawa migumu kama kwato. Baadaye, petroli ilipoanza kuchanganywa na ethanoli, kama ile ya asilimia 10 iliyokuwa ya kawaida Uingereza kuanzia Septemba 2021, matatizo yaliongezeka, kwa sababu ethanoli huvuta maji, na maji hula zinki na shaba. Huo ni ugonjwa wa kupumzika. Hauji kwa kazi nyingi, unakuja kwa kukosa kazi.

Gharama ya kumlipa fundi achukue saa nyingi kwenye kabureta nne ilizidi thamani ya pikipiki yenyewe. Ndiyo maana kazi hii ikahamia nyumbani, juu ya meza za jikoni. Na nyumbani ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Mwaka 1965 afisa wa jeshi la anga la Uingereza aitwaye John Haynes, akiwa Aden, alimsaidia mwenzake kuunda upya gari dogo la Austin-Healey Sprite. Aliona kitabu cha kiwanda hakimsaidii mtu wa kawaida, akapiga picha za kila hatua. Kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo kilitoka 1966, na mtindo ukawa sheria: fungua chombo chote, piga picha, kirudishe, ndipo uandike. Haynes hakuvumbua chombo chochote. Alichofanya ni kudhani kwamba msomaji anaweza.

Mwaka 1974 kilitoka kitabu cha aina nyingine kabisa, *Zen and the Art of Motorcycle Maintenance* cha Robert Pirsig, ambacho wachapishaji 121 walikuwa wamekikataa. Pirsig, aliyekuwa na Honda CB77, anasimama muda mrefu kwenye tatizo la skrubu moja iliyoganda. Hoja yake ni kwamba skrubu yenye thamani ya senti chache, ikigoma kutoka, inakuwa na thamani sawa na pikipiki nzima, kwa sababu bila kuitoa pikipiki haina kazi. Hapo maarifa yote uliyonayo yanafika mwisho, na ndipo akili inapolazimika kuanza kutazama upya.

Aliyewahi kuishika safu ya kabureta iliyoganda anajua Pirsig hakuwa anafumba. Skrubu za kabureta za Kijapani zina kichwa cha msalaba, na mtu huchukua bisibisi ya msalaba iliyo karibu. Lakini bisibisi ya Phillips, iliyopata hataza Marekani miaka ya 1930, ina umbo tofauti kidogo na msalaba wa kiwango cha Kijapani, JIS. Inaingia, inakaa vibaya, na ukitia nguvu hupanda juu na kukiparura kichwa cha skrubu. Vizazi vya watu viliamini Wajapani walitumia skrubu laini kama siagi, kumbe bisibisi ndiyo haikuwa yake.

Ukishaitoa skrubu, kinachobaki kinataka subira kuliko misuli. Joto ndilo rafiki wa kwanza. Aloi ya zinki na alumini hutanuka zaidi ya shaba ya njano inapopashwa, kwa hiyo mwili wa kabureta ukizamishwa kwenye maji ya moto humwachia nafasi jeti aliyekwama ndani yake. Moto wa wazi haufai: mvuke wa petroli uko pale, na aloi ya zinki ya aina hii huyeyuka karibu nyuzi 385 tu. Kitelezi kilichoganda hulowekwa kwenye dawa ya kuyeyusha ulimbo, hupashwa, huachwa, hulowekwa tena, siku mbili au tatu ikibidi. Anayekigonga kwa nyundo hukata nguzo za boya, na nguzo ikikatika mwili wote umekwisha.

Kisha linakuja swali la kuzitenganisha. Mwenye uzoefu huliogopa kwa sababu nzuri. Kabureta nne zikiwa kwenye ubao wao zimepangiliana, vikono vimekutana, springi ziko mahali pake. Ukizitenganisha, umevunja mapatano. Lakini zile oringi za kwenye mirija ya kati, ambazo kazi yake ni kuzuia petroli isivuje, hazifikiki bila kutenganisha, na mpira wa miaka 40 hauna ahadi. Kwa hiyo mtu hupiga picha kila upande, huandika namba, na hutia vipuri vya kila kabureta kwenye kopo lake, visichanganyike. Jeti husafishwa kwa dawa na hewa ya kupuliza. Akitumia waya, uwe laini kuliko shaba ya jeti, kwa maana anayelikwangua tundu amebadilisha kipimo.

Kuzirudisha ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kuzipatanisha. Silinda nne zinapaswa kuvuta hewa sawasawa, na miaka ya 1970 hilo lilipimwa kwa mirija minne ya zebaki iliyosimama bega kwa bega. Injini ikinguruma, zebaki ilipanda kwa urefu tofauti kwenye kila mrija, na mtu alizungusha skrubu ndogo hadi mistari minne ikalingana. Ni nadra chombo kumwonyesha mtu upatano waziwazi namna hiyo.

Wakati watu wa nyumbani wakijifunza hayo, mlango ulikuwa unafungwa upande mwingine. Marekani ilianza kudhibiti moshi wa pikipiki mpya kwa modeli za mwaka 1978, na sababu ilikuwa ya haki, kwani hewa ya miji kama Los Angeles ilikuwa imewachosha wakazi wake. Viwanda vilipunguza petroli kwenye mchanganyiko, na skrubu ya kurekebisha mchanganyiko huo ikafunikwa kwa kikofia cha chuma ili mwenye pikipiki asiiguse. Matokeo yake ni kinaya kidogo: tundu linalopitisha mafuta machache zaidi huwahi kuziba, na njia ya kulifikia imefungwa. Anayetaka kulisafisha hadi leo hulazimika kukitoboa kikofia kwa keekee, polepole, asiiharibu skrubu iliyo chini yake. Kwa mara ya kwanza kabureta ilikuwa na sehemu ambayo mwenyewe aliambiwa si yake.

Hadithi ingeishia hapo kama pikipiki ingekuwa chombo cha starehe peke yake. Lakini mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, pikipiki ya silinda moja iliyoundwa makusudi kwa nchi ambako pikipiki hufanya kazi kila siku na matengenezo ni ya kubahatisha. Viwanda vya China viliinakili kwa wingi, na nakala hizo zikashuka bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Biashara ya bodaboda, iliyoanza na baiskeli za mpakani Busia miaka ya 1960, ikapata injini. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008, kijiwe kikawa kwenye kila kona.

Silinda moja, kabureta moja, wa ukoo ule ule wa Keihin. Ila kabureta hii haipati nafasi ya kuganda. Dereva huweka lita mbili asubuhi, zimekwisha kabla ya jioni, na kesho hivyo hivyo. Ugonjwa wake ni wa kazi: vumbi la murram, maji yaliyoingia kwenye chupa ya petroli ya kando ya barabara, na kwa miaka mingi, mafuta ya taa. Kwa kuwa yalikuwa rahisi kuliko petroli, wachakachuaji waliyachanganya. Tanzania ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa nia hiyo hiyo. Lakini kabla ya maabara kupima, fundi alikwisha kujua. Alilegeza skrubu ya chini ya bakuli, akamwagia kidogo kiganjani, akanusa, akangoja. Petroli huacha ubaridi na kutoweka. Mafuta ya taa hubaki yakimtazama.

Ukiviweka pamoja vyumba hivi viwili, gereji ya yule wa Ohio au Birmingham na kivuli cha mwembe cha fundi wa bodaboda, unaona kazi moja kwa sababu mbili. Wa kwanza hutumia majuma mawili kuirudishia uhai pikipiki asiyoihitaji, na anafurahi. Wa pili ana dakika 20 kabla dereva hajaanza kuhesabu abiria anaowakosa. Wa kwanza ana kitabu chenye picha. Wa pili alijifunza kwa kumshikia mwingine spana. Hakuna aliye bora, lakini ni mmoja tu ambaye kazi yake ikikosewa kuna nyumba isiyopika usiku huo, na ni huyo huyo ambaye maarifa yake hayajaandikwa.

Yanaweza kupotea haraka. Kawasaki iliweka mfumo wa kupulizia mafuta kwa umeme kwenye Z1000 ya 1980, na mfumo huo ukasonga polepole hadi kwenye pikipiki ndogo. Kanuni mpya za moshi za India, zilizoanza 1 Aprili 2020, ziliisukuma kabureta nje ya karibu pikipiki zote mpya za nchi hiyo, na India ndiko zinakotoka nyingi za barabara zetu. Keihin yenyewe, kama jina la kampuni, ilimezwa Januari 2021 ilipounganishwa na nyingine kuwa Hitachi Astemo. Rwanda nayo iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria Kigali tangu Januari 2025, ikielekeza biashara hiyo kwenye umeme.

Hewa itakuwa safi zaidi, na hilo si dogo kwa mtu anayepumua nyuma ya ekzosi saa 12 kwa siku. Swali linalobaki ni lile la kikofia cha 1978. Mfumo wa kompyuta huficha kasoro yake kwenye namba zinazosomwa kwa mashine ya mwenye kampuni, na kwenye pikipiki nyingi za umeme za kubadilishana betri, betri si mali ya dereva hata kidogo. Anailipia, anaibeba, haruhusiwi kuifungua.

Chini ya karibu kila bakuli la kabureta kuna skrubu moja ndogo ya kumwagia mafuta yaliyobaki. Haiiongezei pikipiki kasi wala haionekani ukiwa umekaa juu yake. Aliyeiweka alijua kwamba chombo hiki kuna siku kitasimama, petroli haitatulia salama, na mtu asiye na jina kiwandani atahitaji mahali pa kuanzia. Betri za bodaboda mpya zinachorwa sasa hivi. Ni wakati wa kuuliza skrubu hiyo itawekwa wapi.